Mahari ya Saa Moja

Wenzangu wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, huomba mahari ya kitanda, friji, bangili. Mimi niliomba saa. Tena si saa ya kujipambia, ni ya kuzamia: unaivaa mkononi, unashuka nayo chini ya bahari, inakuhesabia kina na muda na ile naitrojeni inayokuingia mwilini unapovuta hewa huko chini. Wazamiaji huiita kompyuta. Yusufu, mchumba wangu, aliileta mapema kutoka Pemba, ule mji wa Msumbiji, si kisiwa, na Shangazi Mwanawetu alipoiona ilivyo nene akauliza, "Amekupa redio?"

Nikaivaa siku ile ile. Nikakuna nazi nayo mkononi, nikapiga pasi nayo. Wenye wivu na waseme.

Sasa mtaniuliza bibi harusi alifuata nini baharini siku moja kabla ya ndoa. Alifuata cheti. Mwalimu wangu Virgílio, Mmakonde wa Mueda aliyejifunza kuogelea ukubwani, alikuwa amebakiza kunipitisha kwenye nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni na kupunguzwa naitrojeni ili mtu akae chini muda mrefu zaidi. Cheti hicho ndicho kitakachonipa kazi ya kuongoza wageni. Na ndoa ilikuwa Pemba, maana ukoo wetu karibu wote ulikimbilia huko wakati wa vita na wengi hawajarudi. Tungeruka kesho yake saa kumi. Shangazi ndiye aliyekata tiketi, na saa hiyo aliitangaza mtaa mzima.

"Ukishazamia, huruhusiwi kupanda ndege mpaka mwili upumzike," Virgílio alinikumbusha, kidole kikitembea juu ya tabela yake ya plastiki, lile jedwali la saa za kuzamia. "Lakini kama ni kesho saa kumi jioni, siku nzima itakuwa imepita. Está bem, hakuna neno."

Tukazama mara mbili, mara ya pili alasiri. Jamani! Kule kwenye ukuta wa matumbawe kulikuwa na chewa mnene kama gunia la mchele, ananikodolea macho kama mkwe. Vijisamaki vikaja kudonoa hina yangu ya harusi, vikanitekenya vidole, nikacheka mpaka miwani ikajaa maji. Nilipoibuka nilikuwa na cheti, na furaha isiyo na pa kuwekwa.

Asubuhi Shangazi akagonga mlango kama anadai nyumba.

"Zulfa! Hujavaa? Ndege saa kumi!"

"Si jioni, Shangazi?"

"Jioni ya nani? Asubuhi hii! Karani alisema às dez da manhã. Dez si kumi?"

Nikamnyang'anya tiketi. Imeandikwa 10:00. Saa nne ya asubuhi! Shangazi alikuwa amechukua kumi ya Kireno akaivika saa ya Kiswahili, na kichwani mwake mambo yalikuwa sawasawa tangu mwanzo. Nikatazama mkono wangu. Kwenye kioo cha mahari yangu palikuwa na kandege kadogo, kamepigwa mstari.

Kufika uwanjani, nusu ya abiria walishajua kwamba saa ya bibi harusi imekataa ndege. Baba yangu, Mzee Mshamu, akavaa miwani, akaukagua mkono wangu, kisha akamgeukia Virgílio, ambaye nilikuwa nimemwita aje mbio.

"Mwalimu, lakini yeye alivuta hiyo hewa yenu yenye naitrojeni kidogo."

"Kidogo si hamna, mzee. Mwili wake sasa ni soda iliyotikiswa. Akipanda juu ni kama kufungua kizibo. Povu linaweza kwenda kwenye viungo, hata kichwani."

"Basi tumpeleke kwa gari," akasema Shangazi. "Saa imekataa ndege, haikukataa gari."

"Barabara ya chini imekatwa na mvua, senhora. Magari yanapita Mute, Awasse, halafu yanazungukia Diaca na kupanda Mueda. Kwetu kule ni juu, asubuhi tunavaa makoti. Kwa povu, Mueda na ndege ni ndugu."

Shangazi akanitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili. "Sijapata kuona. Bibi harusi amesusiwa na mahari yake mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikaangua kilio. Pemba ng'ombe alishachinjwa, sheikhe alishaalikwa, na mimi ndoa yangu nitaisikia kwa majirani! Nikasema napanda hivyo hivyo, liwalo na liwe. Baba akanishika bega.

"Mwanangu, nikah inanitaka mimi na Yusufu. Kwako nataka neno lako tu. Umeridhia nikuozeshe?"

"Nimeridhia, baba," nikasema kwa kwikwi. "Saa ndiyo haijaridhia."

Wakaruka na udi wangu, nguo zangu na keki. Nikabaki kwenye benchi na Virgílio, pamoja na Domingas muuza bajia, aliyenipa bajia ya bure na kuniambia mumewe mwenyewe alichelewa harusi yao kwa ulevi, kwa hiyo mimi nina afadhali.

Adhuhuri simu ikalia. Mdogo wangu Nasrin alikuwa ameishikilia katikati ya msikiti. Nikamsikia baba: "Nimekuoza binti yangu Zulfa, kwa mahari ya saa moja."

Mzee mmoja kiziwi akauliza kwa nguvu, "Saa moja ya asubuhi au ya jioni?"

Msikiti ukacheka. Sheikhe naye akacheka, namjua kwa kikohozi chake. Ndani ya kicheko hicho nikamsikia Yusufu, wazi kabisa: "Nimekubali kumwoa Zulfa kwa mahari hayo." Domingas akapiga vigelegele mpaka mbwa wa uwanjani wakakimbia. Nami nikalia tena, kilio kitamu safari hii, nimeolewa nikiwa na mafuta ya bajia mdomoni.

Tukakaa. Kandege kakanikazia macho, nami nikakakazia. Jua lilipoegemea, Virgílio akiwa amesinzia, nikatupa jicho mkononi: hakapo! Nikamtikisa mwalimu wa watu karibu aanguke. Hapo hapo tukasikia muungurumo. Ndege ile ile ilikuwa inarudi kuchukua wafanyakazi wa mradi wa gesi, na wa kwanza kushuka alikuwa na kanzu nyeupe na bakuli la pilau.

Kwa mila, bwana harusi huingia ndani kumpa mkono bibi harusi. Ndani hapakuwepo. Yusufu akakanyaga nyasi mpaka kwenye benchi letu, akasimama, akaogopa.

"Saa imekubali?"

"Mimi nimekubali tangu asubuhi," nikamwambia. "Saa ndiyo kwanza."

Akanipa mkono, akaukamata ule wenye mahari. Tulipokuwa tunapanda ngazi, Shangazi akapiga simu.

"Mnaruka saa ngapi?"

Nikatazama mkono wangu, nikatazama jua, nikamtazama mume wangu anayejizuia kucheka.

"Saa kumi, Shangazi."

"Haya," akasema. "Mimi nilisema ngapi?"