Unga Chini ya Almasi

Tangu avishwe pete ile, Kimya aliubeba mkono wake kama bakuli lililojaa maji hadi ukingoni. Jina hilo hakupewa bure. Kwao walisema hata paka wa nyumbani alimzidi maneno. Pete ilitoka kidoleni mwa mama wa mchumba wake, mjane, aliyeivua mwenyewe akasema, "Mimi imenitosha. Sasa ikutunze wewe."

Basi Kimya, kwa mapenzi, akaiosha. Aliichovya katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, akasugua chini ya jiwe kwa mswaki mpaka vikatoka vijichembe vyeupe kama makombo. Almasi ikang'aa. Ila alipoitikisa sikioni akasikia: tik, tik. Jiwe lilikuwa linacheza.

Alitaka iponywe kabla mkwe hajajua. Nani ampe mtoto wake mtu aliyeharibu amana kabla hata ya harusi? Lakini siku ya kwenda kwa sonara mkwe akamkuta mlangoni. "Kwa sonara? Twende wote, mwanangu. Nina hereni yangu kule."

Chumba cha sonara kilikuwa kidogo, taa yake imeinama juu ya meza kama twiga anayekunywa maji. Chini ya meza kilitandikwa kipande cha ngozi cha kudaka vumbi la dhahabu.

"Naomba isafishwe tu, fundi," Kimya alinong'ona.

Sonara akaibana lenzi jichoni. "Isafishwe? Hii imesafishwa mpaka imekaribia kufa. Njoo utazame."

Kimya akaipokea lenzi, akainama, na mara chumba kikatoweka. Alijiona amesimama ndani ya nyumba ya vioo, kila dirisha likifungukia dirisha jingine, na mwanga ukipita taratibu kama mtu asiye na haraka ya kufika. Kucha nne za dhahabu ziliishika nyumba ile kwa pembe zake. Tatu zilikaza. Ya nne ilikuwa imejikunja kando, imechoka, na mgongoni ina kovu. Chini yake kulikuwa na ganda jeupe kidogo, limebaki kama barafu kwenye kivuli.

"Hilo ganda ni unga," sauti ya sonara ilimfikia kutoka mbali. "Umekauka miaka na miaka ukawa saruji. Ndio uliokuwa umeshika jiwe. Aliyeusugua amebomoa nguzo."

Kimya akainua uso. Angeweza kunyamaza, kunyamaza alikuzoea. "Mama," akasema, "ni mimi. Niliiosha."

Mkwe aliichukua lenzi, akainamia pete. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Kimya akadhani analia.

"Hilo kovu," mkwe alisema, akijifuta machozi ya kicheko, "ni jino langu. Nilipokuwa bibi harusi, ile kucha ilikuwa inanasa kwenye mtandio, nikaing'ata ilale. Ikalala kweli, jiwe likaanza kucheza. Nami mama mkwe wangu nilimwogopa kuliko radi. Siku hiyo nikakanda unga wa mkate pete ikiwa kidoleni, jiwe likanyamaza. Tangu hapo, kila likitikisika, nakanda. Marehemu alidhani naoka kwa mapenzi. Akanenepa, masikini."

Hata sonara alicheka. "Sasa niikate hiyo kucha niweke mpya?"

"Pete ni yake. Muulize mwenyewe."

Wote wawili wakamtazama. Kimya akaichukua tena lenzi. Kovu lile lilikuwa pale, dogo, la mviringo, na ndani yake mwanga umetulia kama maji kisimani. Aliwaza msichana mwoga aliyejificha humo miaka yote, na jinsi alivyofanana naye.

"Usiikate," akasema. "Iinue, uongeze dhahabu upande wa ndani, iwe na nguvu. Lakini alama ya jino usiiguse. Na mkate nitakanda, mama, kila utakapotaka. Ila nitaivua pete kwanza."

Mkwe akamgeukia sonara. "Umesikia, fundi? Huyu nimeambiwa ni bubu."

Sonara aliongeza dhahabu upande wa ndani, kisha akainua koleo lake. Kucha ikajongea polepole, ikaegemea jiwe. Akaipeleka pete sikioni mwa Kimya, akaitikisa.

Hapakuwa na sauti.