Baba wa Kaka Yake

Tangu gari lilipoiacha nyuma foleni ya malori ya Tunduma na kushika barabara ya Sumbawanga, Mzee Shadrack Simbeye alikuwa akilitafuna neno moja kinywani, kama mtu aliyepewa dawa chungu asiyoweza kuimeza wala kuitema. Neno lenyewe mtoto mchanga hulitamka kabla hajajua kutembea. Yeye, aliyerusha ndege ya kivita juu ya Kagera mizinga ya adui ikimsaka, lilikuwa limemshinda kwa zaidi ya miaka arobaini.

Erica, binti yake, ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

"Baba, unasemaje?"

"Sijasema kitu."

"Midomo inacheza."

"Nasali."

"Basi sali kwa sauti, na mimi niitikie amina."

Mzee Shadrack aligeukia dirishani. Walikuwa wakienda Ndalambo kumwona Yonasi, mdogo wake, ambaye madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani baada ya kuishiwa la kufanya. Dada yao Nesta, aliyekuwa akimuuguza, ndiye aliyepiga simu asubuhi. Hakulia wala hakuzunguka.

"Kaka," alisema, "baba anakwisha. Kama una neno la kumwambia, njoo umwambie angali na masikio."

Baba. Nesta alimwita Yonasi baba, ingawa yeye Nesta ndiye aliyemtangulia kuzaliwa na kumfundisha kunawa uso. Ukoo mzima ulimwita hivyo. Katika ukoo wao, mtu akifa, jina lake haliachwi likalala kaburini. Siku ya kuvunja matanga wazee humweka mmoja wa wanawe mahali pake, wakamkabidhi jina, shoka na kiti cha marehemu. Na tangu saa hiyo huyo ndiye baba. Ndugu zake wa tumbo moja humpigia goti na makofi ya taratibu, wakamwita baba, na watoto wao wakamwita babu. Umri hauulizwi. Kwa kawaida huwekwa mzaliwa wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza wa mzee Simbeye alikuwa Shadrack.

Lakini mzee alifariki wakati wa vita, na Shadrack alikuwa mbali, Mwanza, akiwa kijana aliyetoka mafunzoni China na kurudi na ujuzi ambao pale kijijini ulisimuliwa kama uchawi wa heri. Miezi ile alilala na viatu miguuni karibu na ndege yake. Alipaa alfajiri, akavuka mto Kagera, akatafuta vifaru kwenye migomba kama mwewe atafutavyo kifaranga uani. Ndege moja ya adui aliiangusha mwenyewe. Taarifa ya msiba ilipomfikia, mkuu wake alimpa ruhusa ya kwenda kumzika mzazi.

Shadrack aliikataa. Kesho yake kulikuwa na safari ya kwenda kuuharibu uwanja wa ndege wa adui, naye alijiambia kwamba Watson, rubani mwenzake aliyeruka ubavuni mwake, asingeweza kuiongoza safari hiyo peke yake. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba aliitaka safari ile kuliko kitu chochote duniani. Aliruka, akaushambulia uwanja, akarudi na bawa lililotobolewa kama chujio na mafuta yasiyotosha kuwasha kibatari. Kwa safari hiyo alivishwa nishani. Nyumbani alituma ujumbe kwa mdomo, kupitia askari mmoja aliyekuwa akienda likizo: "Waambie wasinisubiri." Naye askari huyo, akiwa na kikombe cha pombe ya ulezi mkononi, alisimulia yote, pamoja na ruhusa iliyotolewa ikakataliwa.

Wazee walimsubiri hata hivyo. Walisubiri mpaka mahindi yakakauka shambani na watu wakahitajika kwenye mavuno. Ndipo walipomweka Yonasi, aliyekuwa bado anavaa kaptura ya shule.

Vita vilipokwisha, Shadrack alikuja na nishani kifuani. Alipokelewa kwa ngoma, akabebwa juu juu kutoka barabarani hadi uani. Pale uani baba yao mkubwa alinyanyua mkono, ngoma zikanyamaza, akamwonyesha kijana mwembamba aliyesimama mlangoni.

"Piga goti, mwanangu. Msalimie baba yako."

Shadrack alimtazama mdogo wake, akatazama magoti yake yenye makovu ya kuchunga ng'ombe, akacheka. Kisha, mbele ya ukoo wote, akasema, "Yonasi, hebu kaniletee kiti."

Na Yonasi alikwenda, akakileta, akakipangusa vumbi kwa kiganja chake mwenyewe.

Kicheko kile kilikuwa cha pumzi moja tu, lakini kilizaa miaka. Baada yake Shadrack hakuweza kurudi bila kupiga goti, na kupiga goti hakutaka. Basi akaacha kurudi. Mama yao alipofariki alikaa kwenye mabenchi ya wageni, pamoja na diwani na mwalimu mkuu. Binti yake mkubwa alipoolewa, posa ilipokelewa Morogoro, kambini, wala Yonasi hakuarifiwa. Alipostaafu alijenga Tunduma, mwendo wa asubuhi moja kutoka Ndalambo, na mwendo huo ukamshinda. Kila mwaka shule zilimwita kwenye sikukuu ya mashujaa awasimulie watoto vita. Alisimulia vizuri, watoto wakapiga makofi. Akirudi nyumbani alivua nishani, akala peke yake.

Gari liliiacha lami, likapita kati ya mashamba ya alizeti, likasimama. Nesta alitoka jikoni akifuta mikono kwa kitenge.

"Karibu, rubani! Leo umetua? Uwanja wetu una mashimo, nilidhani utageuza."

"Shangazi, mwache apumue," Erica alisema akicheka.

"Apumue? Miaka yote hii alikuwa anafanya nini?"

Yonasi alikuwa amelazwa kibarazani, mahali jua la mchana linapofika, juu ya godoro, blanketi likiwa limemfika kidevuni. Ugonjwa ulikuwa umemla mpaka akabaki macho na mifupa, na kwa sababu ya kukonda huko alifanana mno na baba yao, hata Shadrack akasita kwenye ngazi. Erica alimpita, akapiga goti, akagonganisha viganja polepole. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Simu yako imepona?"

Shadrack alielewa kwamba binti yake amekuwa akija hapa, tena si mara moja. Alishika nguzo ya kibaraza, akashusha goti la kulia, kisha la kushoto, na yote mawili yalilia kama bawaba za mlango wa ghala. Alipiga makofi.

"Baba," alisema. "Shikamoo, baba."

Nesta aliinamisha uso kwenye kitenge chake. Jogoo aliwika mahali fulani nyuma ya zizi. Yonasi alimtazama mtu yule mwenye mvi aliyepiga goti mbele yake, kisha akaitikia kama ilivyopasa, kwa sauti ya mzee wa boma.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja."

"Nimekuja, baba."

"Nesta, mchukue huyu mtoto mkapike uji. Mwingi. Mkiwahi kurudi, hamjaupika vizuri."

Wanawake walipoingia ndani, Yonasi alitoa mkono chini ya blanketi, akaupunga. "Inuka sasa. Goti hilo likifia hapa, nani atalizika?"

Shadrack aliinuka kwa shida, akaketi kwenye ukingo wa godoro. Alihisi wepesi wa mtu aliyetua mzigo, na wepesi huo ulimpa ujasiri wa kusema zaidi. "Nilipaswa kulisema siku ile. Nilikunyima heshima yako."

"Heshima?" Yonasi alifumba macho. "Kaka, heshima nilikuwa nayo mpaka inanimwagikia. Baba wadogo wenye ndevu walinipigia goti nikiwa sijaota ndevu. Waliniletea kesi za mipaka ya mashamba, za mahari, za ng'ombe walioingia kwenye ulezi wa mtu. Mimi nilijua nini? Nilikuwa nikikaa kwenye kile kiti miguu haigusi chini vizuri, nasema moyoni, kaka angekuwepo, ningemuuliza."

"Ungeniita."

"Ningekuitaje? Baba hamwiti mwanawe aje amfundishe ubaba. Nilikuwa nasubiri uje mwenyewe." Alivuta pumzi iliyokwaruza. "Siku ile ulipocheka, mimi sikuumia. Nilifurahi. Nilisema, huyu amekataa kuwa mwanangu, basi atabaki kuwa kaka yangu, na mimi nitakuwa na mtu mmoja duniani ambaye mbele yake mimi si mzee. Kiti nilikileta mbio. Hukuona nilivyokileta mbio? Nilidhani tumeanza. Kumbe wewe uliondoka na wote wawili, mwana na kaka."

Kwa miaka yote Shadrack aliamini kwamba alichokuwa akidaiwa ni magoti na neno moja, na kwamba siku akilipa, hesabu itafungwa. Alikuwa amelipa sasa hivi, akalipa deni ambalo hakuna aliyelidai. Lile alilodaiwa kweli lilikuwa jepesi zaidi. Lingeweza kulipwa Jumapili yoyote, kwa kuja tu na kuketi.

"Nifanye nini, Yona?" Jina la utotoni lilimtoka bila kulitafuta.

Yonasi alitabasamu kwa kulisikia. "Nisimulie vita."

"Vita umevisikia."

"Kwenye redio ya jirani. Na kwenye simu ya Erica, ukiwahutubia wanafunzi. Unaongea vizuri kama mchungaji wa Pasaka. Ila mimi nataka ile usiyowaambia wanafunzi. Kule juu, ulikuwa ukiogopa?"

"Rubani hufundishwa kuitawala hofu ili..."

"Hiyo ya wanafunzi."

Shadrack alitazama alizeti. "Mara ya kwanza," alisema polepole, "nilitapika ndani ya barakoa ya hewa. Nikaruka nayo hivyo hivyo mpaka kutua. Nilimwambia fundi ni uji."

Yonasi alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na Shadrack akamwinua, akamshika mgongo. Hakuwa na uzito zaidi ya debe la maranda. "Shujaa wa taifa!" Yonasi alisema alipopata pumzi.

"Usimwambie Nesta."

"Nesta? Jioni hii hii kwaya yake yote ya kanisani itakuwa nayo. Endelea."

Aliendelea. Hakurudi Tunduma siku ile, wala siku iliyofuata. Erica alirudi peke yake. Kila mchana, jua lilipofika kibarazani, Shadrack alimsimulia mdogo wake kipande kingine: jinsi ziwa linavyoonekana kutoka juu kama bati jipya, jinsi alivyoiona ndege aliyoipiga ikizunguka, akajikuta anamwomba rubani asiyemjua aruke nje na mwavuli, wala hakutoka, jinsi, katika safari ile ya nishani, alivyomwona mtu mmoja pembeni mwa uwanja uliokuwa ukiungua akihangaika kuinua baiskeli badala ya kukimbia.

"Aliinua?" Yonasi aliuliza.

"Sikugeuka kutazama."

"Baiskeli ni mali. Angeiachaje." Kisha: "Hayo ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu."

"Ungekuja kuniambia, kaka. Mimi ningeketi nawe."

Alisema hivyo bila lawama, na ndiyo maana likauma. Shadrack aliona, kana kwamba yupo juu na nchi imetandazwa chini yake, miaka yote ambayo wanaume wawili walikaa kila mmoja na mzigo wake, mmoja Tunduma na mmoja Ndalambo, kati yao pakiwa na barabara ya lami.

Alikuwa amefika kwenye habari za kurudi nyumbani, bado hajafika kwenye kicheko, asubuhi moja Nesta alipotoka chumbani mwa Yonasi na kufunga mlango nyuma yake kwa mikono miwili.

Walimzika Yonasi jirani na wazazi wake. Diwani alifika, na kijana mmoja wa itifaki, alipomtambua rubani, alitaka kumpeleka kwenye viti vya mbele, chini ya turubai. Shadrack alikataa. Mzee wa ukoo alipoita watoto wa marehemu watangulie kaburini, yeye ndiye aliyetangulia, kwa kuwa kwa desturi ndiye mkubwa wa watoto wote wa Yonasi, na nyuma yake wakapanga mstari Nesta na wana ambao Yonasi aliwazaa mwenyewe. Wageni wasioijua desturi walishangaa kumwona kikongwe akihesabiwa miongoni mwa yatima.

"Muage baba yako," mzee wa ukoo alimnong'oneza, akimpa udongo mkononi.

Shadrack aliujua wajibu wake. Neno lile, ambalo lilimshinda miaka yote, sasa lilikuwa tayari ulimini, laini, limezoeleka. Alifungua kinywa mbele ya ukoo, mbele ya mchungaji na diwani.

"Yona," alisema. "Mdogo wangu. Mdogo wangu, we."

Wazee walitazamana. Ilikuwa makosa, na kila mtu wa ukoo ule aliyekuwa pale alijua kwamba ni makosa. Lakini hakuna aliyemsahihisha. Alisimama pale akiwa ameufumbata udongo kiganjani, hajautupa, na waliokuwa nyuma yake kwenye mstari wakasubiri.