Marehemu Aliyefuta Nondo

Wenzake walikuwa wametoka kula. Mama Vipimo alibaki peke yake ofisini, na ndipo alipoona mchoro wa shule ukibadilika mbele ya macho yake.

Ofisi yao ya wahandisi iliweka kazi zote kwenye folda moja ya mtandaoni. Ukirekebisha wewe, wenzako wanaona papo hapo, mpaka mafundi walioko kwenye ujenzi na kishikwambi chao. Na kila anayegusa mchoro, jina lake hujitokeza pembeni.

Nondo za nguzo za chini zilikuwa zimeshapunguzwa, na bado zilikuwa zinapungua. Moja ikafutika. Ikafuata nyingine. Jina lililokuwa pembeni ni la Babu Zege, mhandisi mwenzao waliyemzika mwezi uliopita.

Si yeye mwenyewe aliyetupa udongo kaburini? Akazirudisha nondo. Zikafutwa tena, taratibu, kama mtu anayenyonyoa kuku.

Kisha akakumbuka: nywila za wafanyakazi wote anazo mkurugenzi. Hofu ya mzimu ikamtoka, ikaingia nyingine mbaya zaidi.

Akampigia kaka yake, msimamizi wa mafundi kule kwenye ujenzi.

"Kaka, mchoro wa leo umeuona?"

"Si huo uliofika asubuhi? Nilishangaa nondo zimekuwa chache hivyo, nikasema nyie wasomi mnajua wenyewe." Akacheka. "Kumbe ndiyo maana jana bosi wenu aliligeuza lori la nondo getini. Nguzo za upande mmoja tumeshazimwagia zege."

"Simamisha kazi. Nondo hizo hazitoshi, shule itaanguka. Watu washuke, sasa hivi!"

"Dada, unanitisha."

"Tishika, kaka yangu."

Alipokata simu, mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Hakumsikia akija.

"Unahangaika na nini, mama? Mchoro huo ni wa marehemu. Ukiwa na kasoro, ni zake."

"Marehemu hafuti nondo, bosi."

"Na nani atakwenda kumwuliza?" Alisema kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Akagusa simu yake, na folda yote ikatoweka kwenye kompyuta ya Mama Vipimo.

Mama Vipimo akachukua mkoba, akampita ubavuni bila kumwangalia. Ngazi alizishuka akihesabu pumzi zake mwenyewe, akisubiri kuitwa. Hakuitwa. Ukimya huo ndio uliomkimbiza.

Kule kwenye ujenzi alikuta mafundi wakibomoa mbao zilizozishikilia nguzo, zege bichi likitiririka chini.

"Kibarua kimeota nyasi hiki," kaka yake alisema, jasho likimchuruzika. "Lakini watoto hawataingia humu."

Getini gari la mkurugenzi lilikuwa linaingia, na nyuma yake jingine wasilolijua, vioo vyeusi tii. Mafundi wawili wakaweka nyundo chini, wakarudi nyuma.

Mama Vipimo akavua viatu vya ofisini, akaokota nyundo moja, akaenda kusimama kando ya kaka yake.