Sahani Moja na Shemeji

Mimi sili nyama. Sili kuku, sili samaki, na omena, dagaa wetu wa ziwani, hata ukiikaanga kwa nyanya ukaiita mboga, siili. Nimesema hivyo maisha yangu yote kwa sauti ya kawaida, na bado watu hunitazama kana kwamba nimewatukania mama zao.

Nilizaliwa Oyugis, binti wa mwenye bucha. Hilo ndilo linalowashinda watu kabisa. Baba alichinja kila alfajiri na mimi ndiye niliyeshika miguu ya mbuzi, nikaosha matumbo, nikaenda shuleni na harufu hiyo kwenye nywele. Siku moja nilisukuma sahani na sikuivuta tena. Sikuwa na sababu ya dini wala ya daktari. Nilikinai tu. Baba alinichapa, akachoka, akaniacha.

Javan aliponioa akanileta kwao, kando ya ziwa, nje kidogo ya Homa Bay, nikawa kituko. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alinichinjia kuku siku ya kwanza, na nilipokataa kumla kwa heshima zote alilia kama mtu aliyefiwa. Wanawake waliniita Nyar Lum, binti wa majani. Kwenye kila sherehe lazima mtu aniulize kama mimi ni sungura, halafu acheke sana, kana kwamba ni yeye wa kwanza kulifikiria. Wengine walinihurumia. Walidhani kwetu tulikuwa maskini mno hata sikuzoea nyama. Binti wa bucha!

Javan alicheka pamoja nao, kisha akanilimia shamba kando ya mto. Nikapanda kunde, osuga, yaani mnavu, mlenda na maharagwe. Walioniita sungura walikuwa wateja wangu sokoni, na rafiki yangu Awino, tuliyeuza naye bega kwa bega, aliapa kwamba hakuna mtu wilaya nzima anayejua kuitoa osuga uchungu wake kama mimi.

Clifford, kaka mkubwa wa Javan, ndiye ambaye utani wake ulikuwa na meno. Mara moja alinimiminia mchuzi wa samaki kwenye kunde, akangoja nimeze, ndipo akatangaza. Nilitapika mbele ya wageni. Alicheka mpaka akashika mbavu, na macho yake yalikuwa kwenye shamba langu la mto.

Javan alifariki mwaka wa tisini na tatu. Alikohoa, akakonda, akaisha. Miaka hiyo watu walizikwa kila wiki, na kwa sababu hakuna aliyetaka kuutaja ugonjwa wenyewe, kila kifo kilitafutiwa mchawi.

Siku ya matanga walichinja fahali. Clifford alikuja na kipande cha ini kwenye sahani, akasimama mbele yangu, waombolezaji wote wakiwa wamekaa.

"Shemeji, kula. Huyu ni ng'ombe wa bwana yako."

"Shemeji, unajua sili nyama."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Akawageukia watu. Sikuwahi kuisahau sauti yake, ilikuwa tamu kabisa. "Mmesikia, yawa? Hawezi kula ya ng'ombe. Ameshiba ya ndugu yangu."

Mtu mmoja alicheka. Kisha nikaona lile neno likiingia vichwani mwao na kutafuta mahali pa kukaa. Mwanamke hali nyama. Kwa nini? Miaka yote walikuwa wameuliza kwa mzaha na sasa wamepewa jibu. Sikujaaliwa mtoto, hilo nalo likapata maelezo. Sokoni mboga zangu zikakauka juu ya gunia. Awino alihamisha meza yake, na leso niliyompa siku alipojifungua akaichoma moto nje ya mlango wake, mchana, ili nione. Mwezi haujaisha nikaikuta nyumba yangu imeng'olewa mabati. Nilihamia Rongo kupanga chumba, na Clifford akapanda miwa kwenye shamba la mto.

Kwa miaka minne nilimchukia mtu yule kila nilipoinjika sufuria. Sisemi nilihuzunika. Nilichukia.

Kisha Emmaculate, bintiye, akaja Rongo. Alikuwa msichana pekee wa boma lile aliyewahi kuniletea maji nilipokuwa sisalimiwi. Alikaa kwenye kitanda changu akaanza kulia kabla hajanena.

"Mama mdogo, Ryoba anataka kunioa. Watu wake wako tayari kuleta ng'ombe. Lakini wazee wa kwetu wamekataa kuwapokea."

Ryoba alikuwa kijana Mkuria kutoka mpakani, mwalimu. Wazee, akasema, walikuwa wameketi, na Mzee Odoyo akauliza: mjane wa boma hili yuko wapi? Mahari haiwezi kuingia kwenye boma ambalo mjane wake ametoka na kinyongo. Italeta chira, laana ya kuvunja mila, na atakayeumia ni msichana na watoto wake. Clifford na mimi tulipaswa kuketi mbele ya watu, tule nyama ya mbuzi mmoja kwenye sahani moja, ndipo ng'ombe waje.

"Mbuzi," nikasema.

"Baba anasema ulambe tu mchuzi kidogo."

Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Miaka yote wamenicheka kwa kukataa nyama, na sasa arusi yao imesimama mlangoni ikingoja nimeze kipande. Ningeweza kusema hapana na kuendelea kupika maharagwe yangu. Nilitamani kusema hapana. Lakini nikamtazama yule msichana, na nikafikiria jambo zuri zaidi.

"Kamwambie Mzee Odoyo nitakula na baba yako. Tutakula mboga, si nyama. Nitapika mwenyewe, peke yangu, mlango ukiwa umefungwa. Sitaonja. Baba yako atakula kwanza, mimi baadaye."

Emmaculate alinielewa. Aliacha kulia, akaondoka.

Wazee walibishana siku nzima. Wengine walisema mapatano bila damu ya mnyama si mapatano. Mzee Odoyo akawauliza kama watu hupatanishwa na mbuzi au na sahani, na mwisho wakakubali. Lakini habari iliyowatoa watu makwao ni ile nyingine: mchawi atapika mlango umefungwa, haonji, na Clifford atakula kwanza. Kwetu, hata anayekukaribisha pombe hupiga funda la kwanza ukiona. Siku hiyo ilipofika, boma lilijaa kuliko siku ya matanga.

Nilipika osuga na kunde kwa maziwa, taratibu, chumvi ya kutosha. Sikutaka asingizie uchungu. Nilitaka chakula chenyewe kiwe kizuri na yeye ashindwe kukimeza. Nilikuwa nimeiona mara elfu kichwani: mkono ukitetemeka, jasho kwenye paji la uso, macho yakitafuta njia ya lango. Akikataa, ng'ombe hawaji na yeye ndiye aliyewazuia. Akila, atakula kila tonge akidhani ni kifo. Niliikoroga ile mboga nikitabasamu.

Nikaweka sahani katikati yetu. Watu wakanyoosha shingo.

Clifford akanawa. Akamega ugali, akaufinyanga, akachota osuga, akala.

Akachota tena. Mkono haukutetemeka. Alikula kama mtu aliyetoka shambani, akapangusa mdomo, akamega tonge lingine kubwa zaidi. Nilimtazama usoni nikitafuta hata chembe ya woga, na sikuiona.

Awino ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akapaza sauti kutoka nyuma: "Clifford! Wewe huogopi?"

"Niogope nini?" Mdomo ulikuwa umejaa. Akanielekezea kidole chenye ugali, akicheka. "Huyu? Uchawi atautoa wapi? Huyu anaogopa hata kuku!"

Hakuna aliyecheka.

Nadhani ilimchukua tonge zima kusikia alichosema. Taya zake zilipunguza mwendo, kisha zikasimama. Miaka minne nilikuwa nimejifariji kwa jambo moja tu, kwamba ni mjinga, kwamba aliamini. Hakuwahi kuamini, hata dakika moja. Alisimama juu ya maiti ya ndugu yake akasema uongo aliojua ni uongo, ili apande miwa.

"Kwa hivyo ulijua," Awino akasema.

"Mama, hayo ni mambo ya kitambo. Ilikuwa mdomo tu."

"Nilichoma leso yake." Awino alikuwa amesimama sasa. "Niliichoma akiniangalia. Kwa mdomo wako tu?"

Manung'uniko yalianza nyuma yakaja mbele. Mzee Odoyo akainua fimbo, wakatulia. Hakumtazama Clifford. "Miwa iliyo kwenye shamba la huyu mama ing'olewe," akasema. Kisha, kwa upole: "Mama, sasa ni wewe. Nusu ni yako."

Emmaculate alikuwa mlangoni mwa jikoni, mikono yote miwili mdomoni. Ningependa kusema nilimwona nikalainika. Sikulainika. Niliuweka mkono wangu mapajani na kuuacha hapo, nikafikiria jinsi ingekuwa rahisi kuinuka, kukung'uta leso na kwenda zangu, na ng'ombe wakae kwao, na huyu mtu ashindwe mbele ya wote waliokuja kututazama. Niliuacha mkono pale mpaka Clifford akauona, na mpaka akaelewa.

"Jedidah," akasema kwa sauti ya chini. "Tafadhali, shemeji."

Nikanawa. Arusi ilikuwa ya msichana, haikuwa yake. Nikamega ugali.

Lakini nilikula polepole. Nilitafuna kila tonge mpaka likawa uji. Huku nikitafuna, watu walimtazama Clifford. Awino alimtazama. Mkewe alisogeza kiti chake, kisha akakisogeza tena. Wale waliokuwa wamekaa karibu naye siku ya matanga walimtazama kwa muda mrefu, kama wanaomwona kwa mara ya kwanza. Bintiye alimtazama, kisha akageuka akamwonyesha mgongo.

Alijaribu kuinuka. "Kaa," Mzee Odoyo akasema. "Sahani haijaisha."

Akakaa. Magoti yetu yalikaribia kugusana, nikasikia pumzi yake, na jasho nililolingoja lilikuwa limekuja hatimaye, likimtiririka mpaka kwenye kola. Mboga ilikuwa bado imejaa upande wangu, lakini ugali ulibaki tonge moja. Nikamwita Emmaculate, nikamwomba aniongezee ugali.