Tumbawe Lililofunga Ngumi

Tumbawe lilikuwa limefunga ngumi kwa siku ya tisa. Fundi saa alilichungulia kwa kioo chake cha jichoni, kile kile anachotazamia magurudumu madogo ya saa, akaona vidole vyote vya zambarau vimejikunja ndani kana kwamba havitaki kuonana na mtu. Samaki wawili wenye michirizi, waliozoea kulala humo, walikuwa wakizurura tangini kama wapangaji waliofungiwa mlango. Na Jumamosi hiyo, Kitinda, binti yake wa mwisho, angerudi kutoka kwenye mafunzo ya miezi miwili. Alikuwa amelikuza tumbawe lile kwa miaka minne, tangu likiwa kipande cha kutosha ncha ya kidole. Siku ya kuondoka alimkabidhi baba yake tangi zima la maji ya chumvi, akasema, "Nakuamini, Baba," akapanda gari, akaenda zake.

Neno hilo ndilo lililomkosesha fundi raha. Kitinda alipokuwa na miaka saba alimwachia samaki mwekundu wa bakuli, kwa siku tatu tu, na samaki akamfia mkononi. Fundi alifunga duka, akazunguka mji mzima hadi akapata anayefanana naye, akamtumbukiza bakulini na kunyamaza. Mtoto aliporudi alifurahi, mambo yakaisha. Kwa fundi hayakuisha.

Safari hii alijiapiza kufanya kila kitu sawasawa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kinyozi wa duka la jirani aliwahi kufuga samaki, na kwa kweli hakuna jambo ambalo kinyozi yule hajawahi kulifanya. Alimwambia: "Maji ya chumvi yakipungua, Fundi, unaongeza maji ya chumvi. Hata akili inakubali. Na taa usiizime mapema, hao ni viumbe wa jua." Akili ya fundi ilikubali. Dada yake, muuguzi, alisema kinyume: kinachokauka ni maji, chumvi haiendi popote, basi pengo lijazwe maji matupu, na taa iwake saa chache tu. Lakini fundi hajamsikiliza dada yake tangu wakiwa wadogo, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni.

Kilichomchanganya ni kipimo cha chumvi. Leo mshale juu, kesho chini, kesho kutwa juu tena. Mtu mwingine angeyashuku maji. Yeye, aliyeishi na mishale miaka thelathini na mitano, aliushuku mshale. Alikifungua kipimo, akakisafisha, akausogeza mshale hadi pale ulipopaswa kuwa, kama anavyosahihisha saa iliyochelewa, kisha akakifunga, moyo wake umeridhika. Tangu hapo kipimo kilisoma vizuri sana. Tumbawe ndilo lililozidi kujikunja.

Alhamisi alisahau miwani, akarudi nyumbani mchana. Alimkuta mkewe kasimama juu ya stuli mbele ya tangi, jagi mkononi, akichota maji na kuyamwaga kwenye ndoo. Taa ilikuwa imezimwa.

"Mama Kitinda."

Mkewe hakugeuka. "Umerudi mapema leo."

"Unafanya nini hapo?"

"Napunguza chumvi. Wifi alisema."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuongeza. Ukienda kazini natoa majagi mawili, naweka maji matupu. Taa naizima, jioni kabla hujafika naiwasha." Aliteremka polepole, akaliweka jagi chini. "Sikutaka kukuvunja moyo. Ulikuwa unaongeza kwa raha zako."

Fundi alijitupa kitini. Alitaka kukasirika. Lakini alipojifikiria yeye asubuhi na jagi lake, mkewe mchana na lake, na viumbe wa watu humo ndani wakitiwa chumvi na kutolewa chumvi kama mchuzi wa wapishi wawili, kicheko kikamshika. Mkewe naye akaangua. Walicheka hadi wakafuta machozi, kisha wakaitazama ile ngumi ya zambarau.

"Mbona kipimo kinasema shwari?" mkewe akauliza.

"Nilikitengeneza," fundi akajibu kwa sauti ya chini. "Kumbe hakikuwa kimeharibika."

Hapakuwa na njia ila kumpigia mwenye mali. Fundi alikiri yote, la kinyozi, la majagi na la mshale, bila kujitetea. Mara wakamsikia Kitinda anacheka.

"Baba, hata mimi nilikuwa nabahatisha. Mwaka wa kwanza nilikaribia kuliua mara mbili. Shangazi yuko sahihi. Tafuteni kipimo kingine, mrekebishe kidogo kidogo, halafu muache kuligusa."

"Na likifa?"

"Likifa limekufa. Usiende kunitafutia linalofanana nalo."

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili.

"Yule samaki mwekundu wa kwanza alikuwa na doa jeupe mkiani," Kitinda akasema. "Nilijua siku ile ile niliyorudi. Mama akaniambia ulivyozunguka hadi soli ya kiatu ikaachia. Sasa ningemwachia nani mwingine tangi langu?"

Fundi alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa akilikagua jagi kwa makini sana, kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Fundi akampa simu, aagane na mwanawe.

Jumamosi, chumvi ikiwa imerekebishwa kidogo kidogo kwa kipimo kipya, waliweka viti viwili mbele ya tangi. Maji yalikuwa yamepungua upana wa kidole. Fundi akaanza kuinuka.

"Baba Kitinda, kaa."

Akakaa. Mikono ilikuwa ikimwasha, basi akaikalia. Mkewe alimtazama, akaikalia na yake. Samaki mmoja alilisogelea tumbawe, akalisukuma kwa mdomo, akangoja. Kidole kimoja cha zambarau kikajitokeza, chembamba, kikapapasa maji.

Nje gari lilisimama, hodi ikabishwa mlangoni. Hakuna aliyeinuka.

"Uko wazi," fundi akasema, karibu ananong'ona. "Ingia taratibu, mwanangu."