Binamu wa Mwituni

Habari ilimfikia Bi Swabaha kabla mjukuu wake hajarudi nayo kutoka shule. Ililetwa na Mejumaa, jirani wa mlango wa pili, aliyepanda ngazi mbio mbio na beseni lake la mahamri, akaketi kabla ya kukaribishwa, akaomba maji.

"Umekaa wadarizi kofia, Bi Swabaha, na huku mjini tushageuzwa nyani."

"Nani katugeuza?"

"Yule mwalimu wa kutoka bara, Nanjala. Kawaambia wasichana kuwa babu zetu walikuwa kima. Na picha kaitundika ukutani, kima na mkia wake!"

Bi Swabaha aliichomeka sindano kwenye kofia ili isimpotee. "Babu zetu wa upande wangu au wa upande wako?"

"Wote!"

"Basi angalau hatukubaguliwa."

Mejumaa alicheka, maji yakampalia. Bi Swabaha alimpiga mgongoni taratibu mpaka akapumua, lakini yeye mwenyewe hakucheka sana. Ulikuwa mwaka wa arobaini na nane, na katika mtaa wao wote wa Mji wa Kale hakuna msichana aliyekuwa amefika darasa alilofika mjukuu wake Khairiya. Zilibaki wiki tatu afanye mtihani wa kwenda kusomea ualimu. Nyanya yake alikuwa akiusubiri mtihani ule kuliko alivyowahi kusubiri kitu chochote. Bi Swabaha mwenyewe alijua kusoma, lakini pole pole, na kidole chini ya mstari. Khairiya ndiye aliyemfundisha, na katika miaka yote miwili mtoto yule hakuwahi hata mara moja kummalizia neno kabla hajalifikia mwenyewe.

Adhuhuri mwanawe Jaffar, babake Khairiya, alirudi kutoka Marikiti, alikouza ndizi. Alipanda ngazi bila kuvua viatu, na hapo mamake akajua habari imeshamfikia.

"Mama, Khairiya haendi shule tena."

"Kuna nini, baba?"

"Athmani muuza manazi kanijia mbele ya watu, kashika mkungu wangu, ati, 'Jaffar, hizi wauza, au wawawekea jamaa zako?' Soko zima likacheka! Wachukuzi wakatua mizigo chini wapate kucheka vizuri. Mteja mmoja kaniuliza kama jamaa wana bei yao."

Bi Swabaha aling'ata ncha ya leso. Alimjua mwanawe tangu utotoni. Njaa aliivumilia, na viboko vya chuo cha Kurani alivivumilia bila kulia, lakini kuchekwa hakukuweza. Angeweza kuacha kula siku mbili kwa sababu ya mtu aliyemcheka akiteleza.

Khairiya alitokea jikoni na sahani ya babake. Alikuwa amesikia yote. Alimwekea wali, akamchambulia samaki miiba kama alivyofanya kila siku.

"Umemsikia huyo mwalimu mwenyewe?" akauliza Bi Swabaha.

"Nimsikie nini?"

"Hata mtu akileta posa tusiyoitaka, twamkaribisha kwanza aseme. Twende tukamsikie. Na Maalim Abdulhalim, mwalimu wako wa chuoni, mchukue."

Hilo la Maalim lilimpendeza Jaffar. Mpaka alipomaliza wali, alikuwa ameshapata shauri lake: saa ile ya sayansi apewe Maalim, awafundishe wasichana jinsi Nabii Adam alivyoumbwa, na huyo Nanjala afundishe kitu kingine, kushona kwa mfano.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri, shule iliwafungulia wazazi. Akina mama waliyajaza madawati, mabuibui yamebanana. Jaffar na Maalim waliwekewa viti barazani, nje ya dirisha. Maalim, mzee mwenye haya, aligeuza kiti chake kikatazama ukuta ili wanawake wakae kwa raha, akaacha sikio tu upande wa darasa.

Nanjala alikuwa msichana mrefu wa miaka kama ishirini na mitano, kwao upande wa ziwa, na hapa alikaa Tudor na kakake aliyefanya kazi reli. Alipoinama kumsalimu kila mama kwa mkono, Bi Swabaha aliliona gauni lake. Pindo lilikuwa limeongezwa kitambaa cha rangi nyingine mpaka likafika kwenye vifundo vya miguu, na mishono ilikuwa mipya, ya haraka. Mtoto wa watu amekaa na sindano kwa ajili yetu, akasema moyoni. Na ile picha ukutani ilikuwa imefunikwa karatasi nyeupe, kwa heshima ya wazee. Bahati mbaya karatasi ilikuwa fupi, na mkia ulijitokeza chini.

"Mama zangu," alianza Nanjala, "sikusema babu zenu walikuwa kima. Kima wa leo si babu wa mtu yeyote. Wataalamu wanasema kwamba zamani za kale, miaka isiyohesabika, sisi na wao tulikuwa na mzazi mmoja. Ukoo ukagawanyika, wao wakafuata njia yao na sisi yetu. Kwa hivyo msiwe na wasiwasi. Wao ni binamu zetu tu. Binamu wa mbali."

Akatabasamu kama mtu aliyetua mzigo.

"Binamu!" Mejumaa alisimama wima. "Afadhali angekuwa babu! Babu kashakufa!"

Kelele zilizozuka pale zingesikika Liwatoni. Jaffar aliingiza kichwa dirishani. "Yaani siku Khairiya akiposwa, nimtume mtu milima ya Shimba akamuulize kima kama yuamtaka?"

Maana katika majumba yale msichana hakutolewa nje ya ukoo kabla binamu hajaulizwa. Neno la kwanza lilikuwa lake, na asipoulizwa, watu hununiana miaka.

"Na akisema yuamtaka?" akapaza sauti mama mmoja wa nyuma.

"Mahari ataleta nini, makwaju?"

"Na harusi itakuwa juu ya mti! Mie na magoti yangu haya, nitapandaje?"

Nanjala aliwatazama mmoja mmoja, tabasamu limemwisha. "Bi Swabaha," akasema chini chini, "nimekosea wapi?"

Bi Swabaha alimweleza. Mwalimu alijifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Mnaoana na binamu?"

"Tuoane na nani," akasema Mejumaa, "watu tusiowajua?"

"Lakini kwetu binamu ni kama ndugu wa tumbo moja. Haolewi hata dunia iishe. Nimekaa siku mbili nikitafuta la kuwatuliza, nikaona hilo ndilo. Nikadhani mkisikia ni binamu, mtajua hakuna hatari kabisa."

Akina mama wakatazamana, na hasira ikageuka kitu kingine.

"Maskini," akasema yule wa nyuma. "Kwao hawaolewi na binamu."

"Sasa huko waolewa na nani?"

"Na watu wa mbali," akajibu Nanjala. "Wakati mwingine siku mbili za kutembea."

"Mwanamke wa watu!" Mejumaa aliingiza mkono kwenye beseni lililokuwa miguuni pake, akatoa hamri kubwa kuliko yote, akampa. "Kula, mwanangu. Kula."

Nanjala hakujua afanye nini na hamri mbele ya darasa, kwa hivyo alilila, na akina mama wakamtazama kwa huruma mpaka alipomeza.

Kwa Jaffar huo haukuwa mwisho. "Haya, ya binamu yamepita. Lakini Maalim yuko hapa. Nataka saa hii apewe yeye, afundishe habari za Nabii Adam. Kwa chaki na ubao, kama somo."

"Maalim akija nitamkaribisha," alisema Nanjala, akipangusa vidole. "Lakini saa hii ni ya vitu tunavyovitazama kwa macho, tukavipima. Na vitu hivyo ndivyo vinavyoulizwa katika mtihani."

Akafunua kitambaa juu ya meza. Palikuwa na bawa la popo lililokaushwa, na mifupa ya kikono cha pomboo aliyekutwa amekufa ufukweni Tudor. Alikuwa ameitokosa mwenyewe kwenye sufuria yake, na majirani walikuwa bado hawajamsamehe.

Maalim aligeuza kiti kidogo. Kisha kidogo tena. Bi Swabaha aliona vidole vya mzee vikitembea ndani ya mkono wa kanzu, kimoja kimoja, kama anayejihesabia mifupa.

"Maalim?" akasema Jaffar.

Maalim alikohoa. "Habari za Nabii Adam ninazisoma kila siku, na shaka nazo sina. Wasichana hawa wote nimewasomesha mimi, wanazijua. Lakini nikizileta humu kama somo, mwisho wa muhula nitatakiwa nitoe alama. Sivyo, mwalimu?"

"Ndivyo, Maalim."

"Huyu tisa kwa kumi, huyu nne kwa kumi."

"Ndiyo."

"Sasa, Jaffar, mtoto wa Kiislamu nimpe nne kwa kumi katika habari ya Nabii? Barua ya nyumbani niandike nini, kwamba kaanguka katika kuumbwa? Na akitokea mmoja hapa akataka ule udongo uletwe mezani upimwe, nitautoa wapi? Ya chuoni hayapimwi kwa rula. Yaache chuoni, yana heshima yake. Mimi humu siingii."

Jaffar alikuwa peke yake sasa, na mtu mkaidi akiachwa peke yake hushika alichobakiwa nacho.

"Basi na Khairiya haji," akasema.

Hakuna aliyecheka. Kwenye dawati la mwisho Khairiya alikuwa ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua ncha ya ukaya aliojitanda kichwani. Nanjala hakuingilia. Alijua mtoto ana babake.

Bi Swabaha aliinuka, taratibu, akishika bega la Mejumaa.

"Jaffar, baba. Athmani umemsikia. Mwalimu umemsikia, na Maalim umemsikia. Amebaki mmoja. Khairiya, nenda pale mbele umweleze babako ulichosoma."

Khairiya alikwenda. Alishika bawa la popo, akaliweka, akalishika tena.

"Baba," akasema, "tazama mkono wako."

Jaffar hakutaka, lakini mkono ulikuwa pale dirishani mbele yake. Akautazama.

"Kutoka begani hadi kwenye kiwiko, mfupa mmoja. Kutoka kiwiko hadi kifundo, miwili. Kisha vijifupa vidogo vidogo, kisha vidole vitano. Sasa mtazame popo. Mmoja, miwili, vidogo vidogo, vitano. Ila vyake vimerefuka, ndio vijiti vya mwavuli wake." Sauti yake ilikuwa imeshapata njia. "Na pomboo, kwa nje waona kama kasia. Lakini mwalimu alipotoa nyama—"

"Ngoja," akasema Mejumaa. "Pomboo naye binamu? Maana huyo si mbaya, yuaoga kila siku—"

"We Mejumaa! Mwache mtoto amalize!"

Wote waligeuka dirishani. Jaffar mwenyewe alishtuka, kama aliyesikia sauti ya mtu mwingine. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Khairiya akaendelea. Alieleza mfupa kwa mfupa, hakuruka, hakukimbia, na akina mama waliokuja kugomba walikuwa wakijipapasa viwiko chini ya mabuibui.

"Hivi ndivyo wanavyosema wataalamu," akamaliza, "na hizi ndizo dalili zao. Na yako wasiyoyajua bado, kitabu chenyewe kinakiri. Haya ndiyo nitakayoulizwa."

Jaffar aliugeuza mkono wake, upande na upande. Kisha akauliza, "Na kuku?"

"Kuku, baba?"

"Bawa la kuku. Nimekula mabawa maisha yangu yote. Vidole sijaviona."

"Viko vitatu, vimeshikana. Ukila pole pole utaviona."

Darasa zima likaangua kicheko, Maalim naye mabega yakimtikisika. Bi Swabaha alijishika kifua, maana aliyechekwa alikuwa Jaffar, mbele ya wanawake ishirini na mwalimu wake wa chuoni. Aliona uso wa mwanawe ukianza kukaza kama alivyouona tangu akiwa na miaka sita.

Lakini mmoja hakucheka. Khairiya alikuwa amesimama na bawa lake mkononi, akimtazama babake, akingoja kama ana swali jingine.

Jaffar alimtazama bintiye. "Vitatu," akasema. "Kumbe nimekuwa nikila kwa pupa." Na akacheka, kidogo kwanza, halafu ikabidi ajipanguse macho kwa kofia.

Kicheko kilipotulia, alimgeukia Nanjala. "Mtihani huo ni lini, mwalimu?"

"Jumatatu ya tatu kuanzia leo. Saa mbili asubuhi, huko kwenye majengo ya serikali. Ni mbali kidogo kwa miguu."

"Siku hiyo sokoni siendi. Nitampeleka mwenyewe."

Khairiya aliposikia hivyo hakujua tena aliloshika ni nini. Alimkimbilia nyanya yake, na ili apate mikono miwili ya kumkumbatia, alilitua bawa la popo mahali pa karibu palipokuwa wazi, nalo likatua katikati ya beseni la mahamri.

Mejumaa alipiga ukelele uliomleta mwalimu mkuu mbio kutoka ofisini.