Boksi la Asili

Jumanne moja, saa tisa alasiri, mpakiaji mstaafu alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni kwake, akikata boksi la runinga ya inchi hamsini na tano kwa kisu cha karatasi. Alitoboa dirisha kubwa upande wa mbele, akaacha kingo za upana wa vidole vinne ili boksi lisilegee, kisha akarudisha ndani ile sponji nyeupe ngumu iliyokuja na runinga. Kwenye mashimo ya sponji akapanga vikombe sita alivyopewa siku ya harusi yake. Vitano vilikuwa vizima. Cha sita kilimeguka mdomo mwaka aliofariki mumewe, kwa hiyo alikigeuza pengo likaangalia ukutani. Kabati la vyombo likawa limekamilika.

Nyumba nzima ilikuwa ya mtindo huo. Maharage yalikaa ndani ya boksi la redio. Vifungo, sindano na nyuzi vilikuwa katika maboksi ya simu, yaliyogundishwa manne manne yakawa droo, kila moja na kishikio cha kamba ya kiatu. Cheti chake cha utumishi wa miaka ishirini na saba kilining'inia ukutani ndani ya mfuniko wa boksi la kompyuta. Majirani walimwita Mama Maboksi, naye aliitika bila kinyongo. Ghala la vifaa vya umeme alikofanya kazi lilikuwa likiwaruhusu wafanyakazi kuchukua maboksi matupu kila Ijumaa, na katika miaka yote hiyo hakuna kitu kingine alichopewa bila kwanza kukiomba.

Toroli, kwa mfano, aliliomba miaka kumi na tisa. Kila Januari aliandika barua kueleza kwamba friji na mashine za kufulia hazinyanyuliwi kwa mikono ya watu wawili, na kila Februari mkuu wa ghala alijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Siku mgongo wake ulipoinama ukakataa kuinuka, mkuu wa ghala alimwambia kwa upole kwamba huo ni uzee, na uzee hauna mwajiri. Toroli lilinunuliwa mwezi uliofuata.

Tangu hapo Mama Maboksi alikuwa akimtambua mtu kwa viatu kabla ya uso. Hakudai makubwa. Alitaka barua moja tu, ya mistari miwili, yenye kusema kwamba mgongo uliharibikia kazini. Bila barua hiyo daktari wa kampuni hakuwa na ruhusa hata ya kumgusa, na daktari mwingine alikuwa ni wa kumsikia kwa jina tu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, alipokuwa akifuta vumbi, aliona kikombe cha sita kimepona. Mdomo ulikuwa mzima, na ua la buluu lililokatika nusu lilikuwa limemalizia petali zake. Chini yake palikuwa na karatasi nyembamba, iliyokunjwa kama zile za maelekezo ya matumizi, yenye maneno yaleyale kwa lugha kumi na mbili. Aliisoma ile ya Kiswahili: "Imerekebishwa. Asante kwa kutuamini."

Alihesabu kwa vidole. Ukiondoa Jumamosi na Jumapili, zilikuwa siku saba za kazi, zilezile ambazo ghala liliwaahidi wateja kwa matengenezo.

"Kumbe bado wanafuata utaratibu," alimwambia mdogo wake, fundi cherehani aliyekuwa akiishi naye. Mdogo wake alikata uzi kwa meno, akasema kwamba kama ni hivyo, pasi yake nayo ina miezi miwili haipati moto.

Pasi iliingia kwenye boksi la pasi, ikatoka inaunguza. Habari ikaenea, maana habari ya bure haina miguu lakini hufika mapema. Kinyozi akaleta mashine yake ya kunyolea, mjane wa mtaa wa pili akaleta mwavuli, na mwenye mkokoteni akaleta tairi. Mke mmoja alileta ndoa yake, yaani cheti chake cha ndoa, kikarudi kimenyooka hakina hata kunyanzi, na karatasi iliyosema: "Hakuna hitilafu iliyoonekana." Akakichukua, akaenda kuendelea nayo.

Mama Maboksi hakuwaonea haya. Miaka ishirini na saba, pamoja na kufunga na kunyanyua, ndiye aliyekaa kwenye dirisha la marejesho wateja walipoleta vitu vibovu, na masharti aliyajua kuliko jina la ukoo wake: boksi la asili, sponji zake zote, viambata vyote vilivyokuja na kifaa, na maelezo ya tatizo kwa mwandiko unaosomeka. Watu wazima walikuwa wamewahi kumlilia pale dirishani kwa kukosa kipande cha sponji, naye akawarudisha makwao. Sasa hata mwalimu mstaafu, aliyeleta meno bandia ya juu peke yake, aliambiwa akayafuate ya chini. Aliyafuata.

Mdogo wake ndiye aliyelianzisha lile wazo jingine. Walikuwa wakichambua mchele, na nyuma ya mlango palisimama boksi la friji ya milango miwili ambalo walikuwa wakihifadhia mablanketi.

"Dada," alisema, "lile boksi lina kimo chako."

"Kimo changu cha zamani."

"Si ndicho tunachokitafuta?"

Mama Maboksi aliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaliwaza hilo tangu siku ya kikombe, na aliogopa. Kikombe kikikataa kupona unakigeuza kikaangalia ukutani. Mtu utamgeuza aangalie wapi?

Hata hivyo, Jumatatu asubuhi alipiga moyo konde akaingia. Alivaa miwani, akavaa ndala, akakumbatia cheti chake cha utumishi, maana hivyo ndivyo viambata alivyokuwa navyo. Kwenye sehemu ya tatizo aliandika: "Haunyooki." Mdogo wake akapachika sponji za kona, akafunga kwa gundi ya karatasi, akahakikisha mishale iliyochapwa ubavuni inaelekea juu. Uji aliupitisha kwenye tundu la kushikia, na cherehani akaisogeza karibu ili wapige soga. Dada mtu alisema humo ndani hamna shida, ila sponji inalia ukijigeuza. Wiki ile ilikuwa na sikukuu, kwa hiyo hesabu ikasogea siku moja mbele.

Siku ya saba ya kazi ilipokwisha, mdogo wake alikata gundi akafungua. Miwani ilikuwa haina mkwaruzo hata mmoja. Ndala zilikuwa mpya, na alama ya kiwanda kwenye soli bado inasomeka. Wino wa cheti ulikuwa umekolea kama ulioandikwa asubuhi ile. Mama Maboksi alitoka akiwa amepinda vilevile, akatazama ndala zake mpya, kwa kuwa ndizo zilizokuwa mbele ya macho yake.

Karatasi ilikuwepo. Safari hii ilikuwa kwa lugha moja tu.

"Hitilafu imethibitishwa," mdogo wake alisoma kwa sauti. "Sababu: kunyanyua mizigo bila toroli, miaka ishirini na saba. Marekebisho yafanywe na mtumiaji."

"Mtumiaji ni nani?"

"Ameandikwa hapa chini. Ni wao, ghala."

Mama Maboksi aliketi kitandani. Alilia kidogo, si kwa uchungu, ila kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyekuwa ameandika jambo lile lilivyokuwa, hata kama mtu mwenyewe alikuwa boksi. Mdogo wake alimwacha amalize. Kisha akasema barua waliyonyimwa ndiyo hii wameipata, na kesho yake itafika mahali pake.

Kesho yake mwenye mkokoteni, aliyekuwa na deni la shukrani kwa ajili ya tairi, alimsukuma mpaka ghalani akiwa ndani ya boksi lake, kwa kuwa bidhaa hairejeshwi ikiwa nje. Mdogo wake alitembea nyuma ameshika karatasi. Barabarani watu walipisha, kama wanavyopisha friji yoyote.

Kwenye dirisha la marejesho alikuwepo karani kijana ambaye Mama Maboksi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Alilizunguka boksi mara mbili. Alibonyeza kona zote nne, akagusa sponji, akahesabu viambata: miwani, ndala mbili, cheti. Mwisho akainama kwenye tundu la kushikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alisema hajambo. Alisema pia kwamba boksi lile ni safi, hajaona la asili lililotunzwa hivyo mwaka mzima. Akasoma karatasi, akaisoma tena, akafungua daftari la mapokezi na kurudi nyuma kurasa nyingi sana, mpaka kwenye zile zilizoandikwa kwa mwandiko wa mtu mwingine. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja. Uso wake ulibadilika.

"Tatizo ni la kweli, mama, na sababu ni ya kweli. Ila waranti ni miezi kumi na miwili tangu siku ya kupokelewa. Yako iliisha ulipotimiza mwaka wa kwanza kazini."

"Mwaka wa kwanza mgongo ulikuwa mzima."

"Vyote huwa vizima mwaka wa kwanza, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ilikuwa kweli. Alimfundisha sentensi hiyo neno kwa neno, pamoja na sauti ya kuisemea, ya chini na yenye huruma, ili mteja asipandwe na hasira. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mama Maboksi alisikia moyo ukimuuma mahali ambapo hakuna sponji inayofika. Mdogo wake alifungua mdomo aseme yake, lakini karani tayari alikuwa amegonga muhuri mwekundu: IMEKATALIWA. Macho ya kijana yule yalikuwa yamelowa. Alikuwa na roho nzuri, na muhuri aliugonga ukanyooka.

Karatasi ilipitishwa ndani kwenye tundu. Mama Maboksi aliitazama.

"Hujaweka tarehe," alisema. "Muhuri bila tarehe hausimami."

Karani alimshukuru, akaweka tarehe.

Hapo ndipo mkuu wa ghala alipotoka ofisini. Alikuwa ameshasikia habari za kikombe, za pasi na hata za meno ya mwalimu. Aliomba kuiona karatasi, akasema ni maelezo ya kiufundi yaliyoandikwa vizuri, na suala hilo linashughulikiwa. Kisha akagusia kwamba maboksi yale, ukifuatilia asili yake, yalitoka ghalani. Na ndani ya ghala kulikuwa na vitu tisa vilivyopita waranti, maikrowevu, redio na runinga, vimekaa tu vinaziba njia. Kwa kuwa mama anarudi nyumbani hata hivyo, na siku saba si nyingi, haoni ubaya wowote vikiongozana naye. Vikipona vitarudi kuuzwa kama vipya.

Mama Maboksi alitaka kukataa. Neno alikuwa nalo mdomoni, na mdogo wake aliliona. Lakini mlango wa ghala ulifunguka na mzigo ukatolewa, naye kupitia lile tundu akaona maikrowevu imetupwa ndani ya boksi bila sponji ya kona hata moja, imejazwa magazeti.

"Nani kafunga hii?" aliuliza.

Mkuu wa ghala alilichukua swali hilo kuwa ni kukubali, akarudi ofisini.

Mzigo ulipakiwa kwenye toroli. Lilikuwa la chuma, rangi ya kijani, na magurudumu manne ya mpira. Boksi la friji nalo lililazwa juu, likiwa tupu, kwa sababu toroli lilikuwa la bidhaa za kampuni na Mama Maboksi alikuwa ameshakataliwa kwa muhuri. Alitembea kando yake. Wapakiaji wawili vijana walisukuma kwa kidole, wakizungumza mambo ya mpira, na toroli likavuka madimbwi na kokoto bila kutoa sauti. Alikuwa amelieleza hivyohivyo katika barua kumi na tisa, isipokuwa rangi.

Mlangoni kwa Mama Maboksi palikuwa na ngazi tatu. Wapakiaji walisimama, wakaeleza kwa adabu zote kwamba toroli haliruhusiwi kupanda ngazi za watu, na kwamba kwa utaratibu kazi yao huishia chini ya ngazi. Wakateremsha vitu vyote tisa chini, pamoja na boksi la friji, wakaaga, wakaondoka. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa sokoni.

"Dada, usiguse," alisema mdogo wake. "Fadhila ya punda ni mateke. Vinyeshewe hapohapo."

"Maboksi yatalowa," alisema Mama Maboksi.

Mdogo wake alishika upande mmoja wa runinga kubwa, kwa hasira. Mama Maboksi akasogea upande wa pili kuupitishia mikono chini. Hakuhitaji kuinama sana, maana sehemu kubwa ya kazi hiyo mgongo ulikuwa umeshaifanya. Wakahesabu hadi tatu, wakanyanyua.